Siku Jalen Milroe Aliyoshinda Namba Bila Kucheza

Septemba 16, 2023, mjini Tampa, Florida, Jalen Milroe, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Alabama, alisimama pembeni ya uwanja jioni nzima na jezi yake ikabaki safi. Radi zilisimamisha mchezo, mvua ikapiga, mchezo ukarudi. Alabama ikaendelea kuhangaika mbele ya timu ambayo msimu uliotangulia ilishinda mechi moja tu kati ya 12, na bado hakuitwa. Wiki moja kabla yake alikuwa kotabeki wa kwanza. Sasa alikuwa anasugua benchi, akiwapigia makofi wawili waliopewa nafasi yake. Jumatatu iliyofuata Kocha Nick Saban akamrudisha kikosini, na waliokuwa wamempigia kelele atoke wakanyamaza.

Kisa hiki ninakirudia mara kwa mara, kwa sababu ni nadra kuona hukumu ya mashabiki ikipewa majaribio halisi uwanjani. Kwa kawaida shabiki husema "mtoe huyu, muingize yule", kocha hamsikilizi, mjadala unaishia kijiweni. Hapa kocha alimtoa huyu. Aliwaingiza hata hao "yule" wote wawili.

Kwa ambaye hafuatilii mpira wa Kimarekani: kotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa shambulizi na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikifanikiwa inapewa mengine manne. Pasi ikinaswa na mpinzani, mpira umekwenda. Akiangushwa chini kabla hajaurusha, timu inarudi nyuma. Soka yetu haina nafasi ya kulingana na hii. Mchukue kipa, mpe kazi ya namba 10, kisha mkabidhi na ubao wa kocha, hapo utakuwa umekaribia.

Halafu weka uzito wa mahali penyewe. Jimbo la Alabama halina timu ya kulipwa ya NFL, kwa hiyo timu ya chuo ndiyo timu ya taifa, ndiyo mada ya kinyozi na ya kanisani. Uwanja wa Bryant-Denny pale Tuscaloosa unameza watu zaidi ya 100,000. Na waliomtangulia Milroe katika nafasi ile wanakwenda hivi: Jalen Hurts, Tua Tagovailoa, Mac Jones, Bryce Young. Wote wanne walikwenda kuanza NFL. Young alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2021, na mwaka 2023, Milroe alipokuwa anarithi namba, Young alikuwa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika mgawo wa NFL. Kijana anayeingia baada ya orodha hiyo halinganishwi na mpinzani wake wa Jumamosi. Analinganishwa na picha zilizotundikwa ukutani.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wengi walilipita juu juu. Mashabiki wa Alabama walikuwa wameshaonja dawa moja na ikawaponya. Januari 8, 2018, fainali ya taifa mjini Atlanta, Alabama ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma ya Georgia 13-0. Saban akamtoa Hurts, kotabeki aliyekuwa ameshinda karibu kila mechi aliyoanza, akamuingiza Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza. Muda wa nyongeza Tagovailoa akarusha pasi ya yadi 41 kwa DeVonta Smith, 26-23, kombe. Ukishaona muujiza kama huo kwa macho yako, kila timu inapokwama mkono unakwenda kwenye chupa ileile. Badilisha kotabeki.

Milroe mwenyewe anatoka Katy, Texas. Kabla ya kwenda Alabama alikuwa ameahidi kuchezea Chuo Kikuu cha Texas, akabadili mawazo Agosti 2020. Oktoba 2022 Young alipoumia bega, Milroe aliingia dhidi ya Arkansas na kuchomoka na mpira yadi 77, mbio ambazo hata mabeki waliokuwa nyuma yake walionekana kukata tamaa mapema. Wiki iliyofuata alianza dhidi ya Texas A&M. Alirusha pasi tatu za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira eneo la bao, na pia akapoteza mpira mara tatu. Timu ikashinda 24-20 kwa jasho. Katika mechi hizo mbili tu, faili lake lote lilikuwa limeshafunguliwa: miguu ya ajabu, mkono wa mbali, na mpira usiotulia mikononi.

Kuelekea msimu wa 2023 walikuwa watatu. Milroe. Ty Simpson, aliyekuwa na sifa ya mkono laini na kusoma mchezo. Na Tyler Buchner, aliyehamia kutoka Notre Dame baada ya mazoezi ya majira ya kuchipua, akimfuata kocha wa mashambulizi Tommy Rees, ambaye naye alikuwa ametokea hukohuko. Buchner kuletwa kwa kuchelewa kuliwaambia mashabiki jambo ambalo Saban hakulisema: nyumbani hapajatosha. Mechi ya kwanza Milroe aliichana Middle Tennessee, 56-7, tachidauni tano zikitoka kwake, tatu kwa pasi na mbili kwa miguu. Watu walishangilia huku wakisema tusubiri Texas.

Texas wakaja Septemba 9. Kwetu ilikuwa saa nane usiku kuamkia Jumapili. Hadi robo ya tatu inakwisha Alabama ilikuwa mbele 16-13. Robo ya nne Texas walifunga pointi 21, ikaisha 34-24. Upande wa pili kocha alikuwa Steve Sarkisian, aliyewahi kuwa msaidizi wa Saban, na kotabeki wao, Quinn Ewers, alirusha yadi 349 bila pasi hata moja kunaswa. Milroe alipata pasi 14 kati ya 27, yadi 255, tachidauni mbili. Pasi mbili zilinaswa, na aliangushwa mara tano.

Ukizisoma namba hizo kwa utulivu, si namba za mtu asiyejua kazi. Lakini mashabiki hawakuwa wakisoma namba, walikuwa wameangalia. Na walichokiona kilikuwa kweli. Milroe alikuwa akimchagua mpokeaji mmoja tangu mwanzo na kung'ang'ania naye, hata mlinzi wa Texas akajua pasi inakwenda wapi kabla mpira haujatoka mkononi. Pale ambapo ingetakiwa aurushe haraka kwa mtu wa karibu, alikaa nao, akisubiri kitu kikubwa kifunguke mbali, mpaka ukuta wa wenzake wanaomlinda ukavunjika na yeye akalala chini. Hukumu ikatoka usiku uleule: hasomi uwanja, huyu ni mkimbiaji, huyu si kotabeki.

Hapo pa mwisho pana uchafu wake wa zamani. Marekani imekuwa na historia ndefu ya kuwaambia vijana weusi wenye mbio kwamba wangefaa zaidi kuwa wapokeaji au mabeki, yaani mahali popote isipokuwa pale panaposemekana panahitaji akili. Si kila aliyesema "huyu si kotabeki" alikuwa na nia hiyo. Wengi walikuwa na hasira za kufungwa tu. Lakini sentensi inabeba historia yake hata msemaji asipojua. Desemba ya mwaka huo Milroe alisema hadharani kwamba Bill O'Brien, kocha wa mashambulizi aliyemtangulia Rees, alimwambia hafai kuwa kotabeki na kumtajia nafasi nyingine za kuhamia. Kwa hiyo maneno yale ya usiku wa Texas hayakuwa mageni kwake. Alikuwa ameshayasikia ndani ya jengo.

Saban akachukua chupa ya 2018.

Tampa, dhidi ya South Florida, timu ambayo wacheza kamari waliipa Alabama ushindi wa zaidi ya pointi 30. Buchner akaanza. Pasi tano kati ya 14, yadi 34. Robo ya pili akatolewa, akaingia Simpson, pasi tano kati ya tisa, yadi 73. Mapumziko 3-3. Nani angeamini? Kilichowaokoa ni mbio za Roydell Williams, aliyekata yadi 129, na ikaisha 17-3, tachidauni ya mwisho Simpson akijisukuma nayo yadi moja sekunde chache kabla ya filimbi. Katika viwango vya taifa Alabama iliikabili Texas ikiwa ya tatu. Baada ya kufungwa na Texas ilishuka hadi ya 10, na baada ya kushinda Tampa ikashuka tena hadi ya 13. Timu inashinda na bado inateremka, hayo huyaoni kila siku.

Sasa tuangalie Tampa ilituonyesha nini. Ukuta ulikuwa uleule, upande wa kushoto ukilindwa na Kadyn Proctor, kijana aliyetoka sekondari miezi michache tu nyuma. Wapokeaji walewale. Kocha yuleyule na michoro ileile, na mpinzani dhaifu mno kuliko Texas. Kilichobadilika ni mtu mmoja. Na wale wawili nao walilala chini mara kwa mara kama Milroe. Kumbe sehemu ya lile kosa alilobebeshwa Milroe, la kukaa na mpira mpaka anakanyagwa, lilikuwa kosa la ukuta. Sehemu iliyobaki ilikuwa yake kweli. Lakini yeye akikanyagwa mara mbili, mara ya tatu anachomoka na kukata yadi 30. Wenzake walikanyagwa tu.

Hilo usingelijua kwa kumtazama Milroe peke yake, hata ungerudia mkanda wa Texas mara mia. Mashabiki walimpima dhidi ya Bryce Young, dhidi ya Tagovailoa, dhidi ya kotabeki aliyeko vichwani mwao. Saban hakuwa na Bryce Young kwenye basi. Alikuwa na watu watatu, na swali lake lilikuwa nani kati ya hao. Nikiri: usiku wa Texas na mimi nilikuwa kwenye kundi la "mpeni Simpson". Watu wa Simba na Yanga watanielewa. Kipa wa akiba huwa hajawahi kufungwa.

Milroe aliporudi Rees alibadilisha kazi. Badala ya kumlazimisha awe mrushaji wa pasi fupifupi za haraka, alimjengea shambulizi la ncha mbili: miguu yake karibu, mkono wake mbali. Ole Miss walifungwa 24-10, pasi 17 kati ya 21, ingawa moja ilinaswa na watu wakaanza kunung'unika upya. Texas A&M walimwangusha mara sita, naye akarusha yadi 321 na kuwapiga 26-20. Nyumbani dhidi ya Tennessee, Alabama ilikuwa nyuma 20-7 mapumziko, ikarudi na kufunga 27 bila jibu. Novemba 4 dhidi ya LSU alifunga tachidauni nne kwa miguu na kukimbia yadi 155, Alabama ikishinda 42-28, siku ambayo upande wa pili alikuwepo Jayden Daniels, aliyekuja kutwaa Heisman. Wachezaji walianza kuvaa fulana zenye herufi LANK, ufupisho wa maneno yenye maana ya "wajue wote waliotubeza". Mimi huwa sipendi fulana za namna hiyo, lakini hii walikuwa na haki nayo.

Halafu Auburn.

Novemba 25, uwanja wa Jordan-Hare, watani wa jadi. Auburn walikuwa wamepigwa 31-10 na New Mexico State wiki moja kabla, nyumbani, kwa hiyo hii ilitakiwa kuwa kazi nyepesi. Zikibaki kama dakika tano Auburn wako mbele 24-20. Wanapokea mpira uliopigwa kwa mguu na Alabama, unamponyoka mpokeaji, Alabama wanaurukia. Wanasogea hadi yadi saba kutoka eneo la bao wakiwa na majaribio manne. Hapo wangetosha watoto. Lakini jaribio la kwanza likarudi yadi moja, na la pili senta, yule anayemrudishia kotabeki mpira, akaurudisha kabla Milroe hajawa tayari, ukampita, wakapoteza yadi 18. Jaribio lililofuata Milroe alikimbia, akavuka mstari wa kuanzia, kisha ndipo akarusha pasi: faulo, yadi tano nyuma. Kosa la mtu asiyejua yuko wapi uwanjani, walewale wa Septemba wangesema. Sasa ni jaribio la nne, yadi 31, na halipo la tano.

Auburn waliwatuma watu wawili tu kumfuata na kuwaacha wengine wote wakae nyuma. Milroe akasimama. Ukiurudia mkanda, utashangaa jinsi muda unavyokwenda. Anahama hatua moja kushoto, anatulia, hakuna anayemfikia. Kila mpokeaji amezungukwa. Hii ndiyo tabia iliyomtoa kikosini, kukaa na mpira akisubiri kitu cha mbali kifunguke, na sasa ndiyo kazi yenyewe. Akaurusha juu, kona ya nyuma kushoto, mahali ambapo mlinzi angeufikia kwa ncha za vidole tu. Isaiah Bond akaruka, akaudaka, akatua ndani. Zilikuwa zimebaki sekunde 32. Kwa Afrika Mashariki ilikuwa inaelekea saa tisa usiku, na nina hakika si mimi peke yangu niliyeamsha nyumba. Mbinu hiyo wana jina lake mazoezini, Gravedigger, yaani mchimba kaburi.

Wiki iliyofuata, fainali ya SEC, ukanda wa vyuo vya kusini-mashariki, mjini Atlanta, Alabama iliifunga Georgia 27-24 na kuukata mfululizo wao wa ushindi 29. Milroe akatangazwa mchezaji bora wa fainali.

Hapa kisa kina kona ambayo haimfurahishi kila mtu. Florida State walikuwa wameshinda mechi zote 13, lakini kotabeki wao Jordan Travis alivunjika mguu Novemba. Kamati inayochagua timu nne za mtoano ikawaacha nje na kuichukua Alabama iliyofungwa moja. Hoja yao ilikuwa kwamba bila Travis ile si timu ileile. Yaani kamati nayo ilifanya kazi ya mashabiki: ikatazama kotabeki mpya mechi mbili, ikatoa hukumu. Tofauti ni kwamba Florida State hawakupewa Tampa yao ya kuthibitisha lolote. Kwangu hilo lilikuwa kosa, na ninalisema nikiwa nimefaidika nalo.

Januari 1, 2024, mjini Pasadena, California, nusu fainali ya mtoano dhidi ya Michigan. Mapumziko hayajafika Milroe ameshaangushwa mara tano. Mechi nzima ikawa sita. Yadi za pasi 116 tu. Hata hivyo Alabama ilikuwa mbele 20-13 hadi dakika mbili za mwisho, Michigan wakasawazisha, wakafunga kwanza muda wa nyongeza. Likabaki jaribio la nne, yadi tatu kutoka eneo la bao. Saban na Rees wakachagua miguu yake. Senta akaurudisha mpira chini, karibu na vifundo. Milroe akainama kuuokota, sehemu ya sekunde ikapotea, akajitosa katikati na ukuta wa Michigan ukamfunika. 27-20. Siku tisa baadaye Saban akastaafu.

Msimu wa 2024, chini ya kocha mpya Kalen DeBoer, kila upande ulipata ushahidi wake. Milroe alifunga tachidauni 20 kwa miguu, ambazo hakuna kotabeki wa Alabama aliyewahi kuzifikia kwa msimu mmoja, na aliiongoza timu kuifunga Georgia 41-34. Wiki moja baadaye wakafungwa na Vanderbilt 40-35, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1984. Pasi zake 11 zilinaswa msimu ule, dhidi ya sita mwaka uliotangulia. Wale wa "hasomi uwanja" walirudi wakiwa na namba mkononi, na siwezi kuwabishia. Jicho lao halikuwa bovu tangu mwanzo. Waliona kasoro ya kweli, wakakosea tiba. Seattle Seahawks walimchukua raundi ya tatu, nafasi ya 92, Aprili 2025, na swali walilouliza wachambuzi wa NFL ni lilelile la Septemba 2023.

Buchner alirudi Notre Dame na kwa muda akacheza lakrosi. Simpson hakuhama, ingawa siku hizi kijana asiyepewa namba hufungasha haraka. Alisubiri. Agosti 30, 2025 hatimaye akaanza kama kotabeki wa kwanza wa Alabama, mjini Tallahassee, dhidi ya Florida State, kati ya timu zote. Wakafungwa 31-17. Usiku ule nilisoma tena maneno yaleyale, safari hii jina likiwa limebadilishwa: hafai, mtoeni, mwingizeni kijana wa akiba.

DeBoer hakumtoa. Septemba 27 Simpson aliipeleka Alabama mjini Athens, nyumbani kwa Georgia, na wakashinda 24-21.